Supu ya Uboho

Kwa miaka mingi nimemsingizia muuza mitishamba mmoja wa Kibuye. Nilisema ndiye aliyemwambia mama kwamba supu ya uboho ingemponya mdogo wangu. Si kweli. Ni mimi.

Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa na ugonjwa wa selimundu: chembe za damu yake zilijikunja kama mundu, zikaziba mishipa, naye akalia kwa maumivu ya mifupa. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisomea ualimu wa baiolojia. Pale kwetu Nyamasaria hilo lilitosha kuniita daktari. Sikumsahihisha mtu.

Likizoni, mezani, nikahutubu. Ndani ya uboho, nikasema, zimo seli mama zinazozaa damu yote. Na huko ng'ambo kuna wagonjwa wa damu wanaopandikizwa uboho wa ndugu zao.

"Wa ng'ombe je?" mama akauliza. "Akiunywa?"

Shangazi akacheka. "Wewe wifi, mtoto asije akaota pembe!"

Kisha wote wakanitazama. Sikujua, na kusema sijui hakukuwa katika silabasi yangu.

"Utamwongezea damu," nikasema.

Mama akaanza kununua mifupa ya paja kila wiki. Barua yake iliyonifuata Nairobi ilisema mtoto amenenepa, tena ameachishwa vidonge vyote vya kliniki, hata vile vya kuzuia malaria, visije vikagombana na supu ya daktari wetu. Niliisoma mara mbili, nikaitia katikati ya kitabu. Nilikuwa na mtihani.

Wiki tatu baadaye nikamuuliza mhadhiri, kana kwamba ni udadisi tu.

"Uboho ukiliwa ni chakula, kama maini," akasema. "Tumbo linasaga kila seli. Kupandikiza ni kumtia mgonjwa mshipani seli za mtu anayelingana naye, na hata hivyo wengine hufa. Kwa nini unauliza?"

"Kuna mtoto ameacha vidonge."

"Basi unafanya nini hapa?"

Nikapiga simu kwenye duka la jirani yetu, nikangoja mama aitwe. Maneno nilikuwa nimeyapanga: arudishiwe vidonge leo hii, mimi ndiye niliyekosea. Mama hakuningoja.

"Nani amekuambia? Baba yako ndiyo kwanza anaenda posta sasa, kutuma telegramu."

"Kuniambia nini, Mama?"

"Malaria, daktari wangu. Siku mbili tu. Tunazika Jumamosi." Akavuta pumzi. "Na supu alikuwa anakunywa vizuri."