Nilisema "mweusi", akafungwa asiyehusika

Admin, jina langu lifiche, na sauti hii uiandike vile vile ninavyosema, maana shule mie niliipita kwa nje nikienda kuogelea. Nina miaka themanini na mbili, Mhindi wa Mombasa, nimefiwa na mke, naishi Wembley, London. Fundi wa baiskeli. Hakuna gurudumu lililonishinda, na uongo pia haujanishinda.

Tulikuja mie na mke wangu wakati ule Wahindi wa Kenya tunakimbilia huku kabla Waingereza hawajatufungia mlango. Tukapanga chumba cha juu kwa mzee mmoja wa Kigujarati. Alasiri moja, ukungu umejaa, nikasikia kelele chini. Nikachungulia dirishani, nikaona mtu anatoka mbio mlango wa nyuma. Niliona mgongo, shingo na kisogo. Basi. Mwenye nyumba wetu akakutwa jikoni kachomwa kisu, amekufa.

Polisi wakaja. Kizungu changu kilikuwa maneno ishirini, kumi katika hayo matusi. Nikawaambia, "Man, black." Sasa nyinyi mnajua kwetu. Ndugu yangu wa tumbo moja tulimwita Mweusi, na ni Mhindi kama mie, rangi tu imemkolea. Niliyemwona alikuwa mweusi wa namna ile, nywele laini, za mafuta, zimelala kisogoni kama zangu. Lakini nywele hawakuuliza. Wao black wanaijua moja tu, ya mtu wa asili ya Afrika. Wakamkamata kijana wa Jamaika wa mtaa wa pili, nitamwita Samsoni, kwa vile aliwahi kugombana na yule mzee alipomnyima chumba.

Mahakamani wakaniuliza, "Ndiye huyu?" Jamani, ukumbi mzima, mawigi yote ya majaji na mawakili yananitazama mie, fundi baiskeli! Nyumbani hata mke wangu alikuwa hanisikilizi. Nikaona wamekosea. Nilijua. Nikasema, "Yes sir. Face I see very good." Uso! Mie niliyeona kisogo. Nikaongeza na macho yake yalivyowaka. Hadithi ikanoga. Samsoni akapigwa kifungo cha maisha, akakaa ndani miaka kumi na minane ndipo wakamwachia, jina la muuaji likabaki naye.

Na mie nikaendelea kuihadithia harusini na msikitini, kila mwaka inarefuka. Rafiki yangu mmoja Mpemba akinicheka: "We Mhindi, jana umenipita hapa kituo cha basi hukuniona, huyo wa kwenye ukungu ulimwonaje?" Watu wanaangua kicheko, na mie nacheka.

Wiki iliyopita binti yake Samsoni alikuja na loya. Nikawapa chai, nikatania kwamba chai ya Waingereza ni maji ya kuoshea vikombe. Hakucheka. Akasema, "Anko, baba anaumwa. Anataka rufaa yake isikizwe akiwa hai. Uliuona uso?"

Nikamwambia kisogo. Nikamwambia na nywele. Ilinitoka kama mtu anayetaja saa.

Akaweka kikombe chini. "Kwa nini hukusema?"

"Hawakuniuliza nywele," nikajibu. Hata mie nilisikia upumbavu wake. Loya akatoa karatasi ya kukiri kwamba uso sikuuona, akataka niitie sahihi.

Binti yangu amekuja juu, eti nikitia sahihi nitafungwa. "Dad, no! You sign, you go to jail." Halafu kwa Kiswahili chake cha kuokota: "Wajukuu wataona wewe nani?" Mpemba naye kaniambia, "Tia, babu wee. Yote yale ya uongo umeyaweza, la kweli moja likushinde?"

Mie sijui. Nimejaribu kulia, machozi hayaji. Nakula, nalala, naangalia mpira. Najua nimemla mtu ujana wake, lakini ndani kumekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Karatasi iko mezani, loya anaifuata Ijumaa. Kuandika sijui, ni dole gumba tu na wino. Bila dole hilo, Samsoni atazikwa akiitwa muuaji. Nyie msionijua, niambieni: nitie, nikafie jela wajukuu wakijua, au nisitie? Na wa kunifariji asijisumbue.