Namba Tatu Hakumshika Mama Mkono

Siku tunamzika mama, kaka yangu Akonaay alisimama kilimani, mbali kama viwanja viwili vya mpira. Hakuja kutupa udongo.

Watu wa kijiji chetu, Tlawi, walinong'ona. Mimi nilikuwa najua sababu, na roho iliniwaka.

Sasa sikieni.

Akonaay alichezea timu ya taifa ya raga miaka kumi na minne. Raga, ule mpira wenye umbo la yai. Huku Mbulu tunajua mbio tu, kwa hiyo kila akija likizo aliulizwa anakimbia kilomita ngapi.

"Mimi sikimbii," alijibu. "Nasukuma."

Namba tatu, mstari wa mbele. Wanane wanainama, wanafunga vichwa na wanane wa upande wa pili, wanasukumana. Masikio yake yalivimba kama maandazi. Hakuwahi kubishana na mwamuzi wala kiongozi. Akiitwa, anakwenda. Ndiyo maana walimpenda.

Mwaka 2003, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga, walicheza na Waganda pale Arusha. Ardhi ngumu kama lami, daktari hakuna. Katika kusukumana wote wakaporomoka. Namba moja wa Uganda, aliyekuwa uso kwa uso na kaka, hakuinuka.

Kesho yake kiongozi mmoja wa timu akamvuta kaka pembeni.

"Yule amekufa. Umemuua wewe. Nenda kwenu, nyamaza."

Akaja, akaingia metimani. Kwetu Wairaqw, aliyeguswa na kifo anajitenga: hali chakula na watu, hamshiki mtu mkono, asije akawaambukiza mkosi. Hakuna mzee aliyemwamuru. Alijihukumu mwenyewe, kibandani pembeni ya shamba, miaka miwili. Padri alikwenda kumsihi, akarudi alivyokwenda.

Nilimuuliza mara moja tu kama ana hakika yule Mganda amekufa. Akasema kiongozi ndiye kasema.

Mama alipozidiwa, tulimbeba mpaka karibu na kile kibanda.

"Akonaay, nishike mkono tu, mwanangu."

"Nitakuua, mama."

Alikufa Jumatano, mkono wake ukiwa nje ya blanketi.

Wiki tatu baadaye akaja mgeni, shingo imekaa upande, anatembea kwa fimbo. Akawaamkia wazee shikamoo, akasema anamtafuta namba tatu.

"Mimi ndiye namba moja," akaniambia. "Nimemwandikia barua nne kupitia kiongozi wenu. Nilitaka ajue simlaumu."

Nikampeleka kibandani. Kaka alimtazama kama anayesoma maandishi madogo. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Mgeni akaushika.

Halafu Akonaay akateremka kaburini kwa mama, akalaza kiganja juu ya udongo. Hakukiinua mpaka ng'ombe waliporudi.

Yule kiongozi bado anakaa viti vya mbele uwanjani. Aliogopa kuulizwa daktari alikuwa wapi, akaona rahisi kumbebesha kaka maiti ambayo haikuwepo.

Ndugu zangu, mkubwa akikuambia umeua, usiiname. Dai jina la marehemu. Dai uoneshwe kaburi.