Tawi la Gakwaya

Mukarugwiza ana sauti ambayo Mungu hakumpa kwa ajili ya kunong'ona. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kinatazamana na mlango wake hapa Batsinda. Mimi ni Mwislamu, lakini mambo ya jumuiya yao ya Kikatoliki nayajua kuliko waumini wengi, maana yote huyatangaza barabarani.

Mwaka huu Kwaresima yao na Ramadhani yetu zilibisha hodi pamoja. Siku chache kabla, padri aliwaagiza warudishe matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, yale wanayoyachomeka ukutani nyumbani, yachomwe yawe majivu ya kupakwa usoni Jumatano. Kazi ya kuyakusanya akapewa Mukarugwiza. Alipita nyumba kwa nyumba kama mtoza ushuru. Bibi mmoja aliyesita kutoa lake alihubiriwa mpaka akaona haya: Mungu hakai kwenye jani kavu, Mungu yuko nasi, ulegeze mkono akupe jipya. Kabera, mwalimu wa kwaya, alitoa lake mbio, nadhani ili mahubiri yaishe.

Gunia lilipojaa alikuja kwangu kuazima sindano ya kulishona mdomo. Nikamuuliza, kwa utani tu, kama lake limo.

Akanyamaza. Mukarugwiza kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni.

Lake nililiona kila siku mlango ukiwa wazi, juu ukutani. Lilichomekwa na mumewe, Gakwaya, mtu mrefu aliyekwenda misa mara moja kwa mwaka, siku hiyo ya matawi, kwa sababu, alisema, ndiyo siku pekee mtu harudi mikono mitupu. Mwezi wa sita moyo wake ulisimama. Yeye na Kabera walikuwa hawasemezani miaka mingi kisa jogoo, na Kabera aliimba mazishini huku akitazama pembeni.

"Hiyo si tawi, fundi," alisema. "Hiyo iko Gakwaya."

Tuna msemo Rwanda: Mungu hushinda kwingine, lakini hurudi kulala kwetu. Nikamkumbusha, nikidhani namfariji. Akanijibu kwa hasira kwamba tangu mazishi anakesha akimsubiri huyo Mungu, na kama kweli anarudi Rwanda basi anaishia Kiyovu kwa matajiri, kwenye nyumba zenye vyumba vya wageni. Halafu akalia, pale pale katikati ya vitambaa vya watu, nami nikaona uchungu.

Jumanne asubuhi aliniita nimtolee lile tawi. Yeye hafiki pale juu; Gakwaya hakuhitaji kiti. Nikapanda stuli nikalichomoa. Lilikuwa jepesi, limejaa utando wa buibui. Aliniomba nilitie mwenyewe guniani, mdomo alikuwa bado hajaushona, akabaki akiutazama ukuta mtupu.

"Sasa iko Mungu peke yake," alisema. "Tutaona."

Jumatano mchana, nikiwa na njaa yangu, nikamwona anarudi na alama nyeusi kwenye paji la uso. Nikamwambia apanguse, wateja watadhani kibanda changu kina masizi. Alikaa kwenye benchi, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani kilio kimerudi. Kumbe anacheka.

"Wamechanganya yote, fundi. Hakuna mutu anajua ya nani iko wapi. Gakwaya yule wa mara moja kwa mwaka, leo parokia muzima imemubeba kwa uso." Akafuta machozi bila kugusa jivu. "Na Kabera. Kabera amemubeba kubwa kuliko mimi."

Magharibi, nikifuturu kibandani, nilimwona Kabera akipita, uso hajanawa. Mukarugwiza akatoka mlangoni akamwita kwa sauti yake ile, mtaa mzima ukasikia: aingie anywe chai. Sukari hakuna, akaongeza, ni Kwaresima.