Gobore la Mzee Hemedy

Saadi Mwinjuma alikuwa na miaka kumi na miwili pale mtutu wa gobore ulipopasuka na kumwondolea baba yake mdogo vidole vitatu. Siku hizi ni mtu wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa Mkongo, na hakuna anayenunua gobore kijijini bila kumwita kwanza. Huja na daftari, futi ya fundi cherehani na chupa ya mafuta ya ufuta.

Safari hii aliyemwita ni Mudathiri. Nguruwe walikuwa wamemlia nusu ekari ya mpunga huku yeye yuko juu ya dungu akipiga debe, nao wamelizoea debe. Kibali cha polisi amepata. Kilichobaki ni kuelewana na Mzee Hemedy, ambaye macho yamemwishia na gobore lake halali limekaa ndani bure.

"Laki sita," alisema Mzee Hemedy wakiwa barazani. "Hili ni la wakati wa Mdachi. Babu alishuka nalo kutoka Umatumbi, mwaka wa Majimaji."

"Shikamoo kwanza, mzee wangu," alisema Saadi.

"Marahaba. Laki sita."

Mudathiri alikuwa tayari ameshatia mkono mfukoni. Saadi alimtazama, naye akautoa mtupu.

Akaanza kama anavyoanza siku zote. Aliuelekeza mdomo wa gobore kwenye shamba tupu, akaupima mtutu kwa nje, akaandika. Kisha akachukua mdeki, ile fimbo ya kushindilia, akauteremsha ndani mpaka ukagota, akaweka kucha pale ulipoishia, akautoa na kuupima. Akapima tena. Ndani palipungua vidole vinne kuliko nje.

"Mzee, limeshindiliwa hili."

"Limeshindiliwa na nani? Mimi sijaligusa tangu binti yangu Zena aolewe."

"Basi limekaa na baruti tangu Zena aolewe."

Mudathiri akainuka taratibu, akahamia upande wa pili wa baraza. Bi Maimuna, mke wa mzee, akaacha kupepeta mchele. "Na mimi kila Ijumaa nalifuta vumbi! Nalilaza mapajani kama mtoto!"

Fataki ya kuwashia baruti haikuwepo, lakini Saadi hakutaka mashaka. Alijaza maji mtutuni, akaliegemeza ukutani, wakaenda kuswali adhuhuri. Waliporudi alifunga skrubu nchani mwa mdeki, akaizungusha ndani, akavuta polepole. Zikatoka gololi tano, uji mweusi wa baruti, na mwisho tambara lililokunjwa. Saadi akalisuuza. Likaonekana ua jekundu.

"Kanga yangu!" Bi Maimuna alilipokonya. "Si uliniambia pindo limeliwa na panya?"

"Makumbi ya kushindilia yalikuwa yameisha," alisema mzee kwa sauti ndogo.

"Kanga ya harusi ya mwanangu, baba Zena! Panya mwenyewe wewe!"

Mudathiri alicheka mpaka akashika nguzo. Saadi naye alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa unasugua kutu mwishoni mwa mtutu. Mafuta yalipokolea, zikatokea hesi nyembamba, mikato kama ya skrubu, zimelingana kama meno ya kitana. Akaupitisha ukucha juu yake. Alijua sasa, na hakupenda kuwa yeye wa kulisema.

"Mzee, hesi hizi zimekatwa kiwandani. Huu mtutu ni bomba la usukani wa Landrova."

"Kumbe Mdachi aliendesha Landrova!" alisema Mudathiri.

"Nyamaza wewe," alisema Saadi. Akaugonga mtutu kwa kijiko, ukalia vizuri, bila mkwaruzo. Unene wa mdomo ulikuwa sawa pande zote. "Mtutu mzima. Hautamuumiza mtu. Ungekuwa wa Mdachi kweli, kwa uzee wake ningemkataza asinunue."

Mzee Hemedy aliliinamia gobore. Mkono wake ukaja ukitafuta, ukatua kwenye kitako, juu ya ngozi ya ng'ombe iliyofungwa palipopasuka. Mbao chini ya ngozi ilikuwa imelika mahali pa shavu, laini kama sabuni iliyotumika.

"Baba alilipeleka kwa mhunzi," alisema baadaye. "Nilikuwa mdogo. Mtutu ulibadilishwa. Kitako hakikubadilishwa."

Saadi akakitazama kitako kwa muda mrefu. "Shavu moja haliwezi kuila mbao hivi," alisema. "Hapa wamelaza shavu watu zaidi ya mmoja."

Wakakubaliana laki mbili na nusu, na doti moja ya kanga juu, kwa amri ya Bi Maimuna. Kesho yake wangekwenda polisi kuhamisha umiliki.

"Andika na jina la babu," alisema mzee.

Saadi huandika alichokiona tu. Aliizuia kalamu kidogo, kisha akaandika: *Mtutu, Landrova, mzima. Kitako, cha zamani sana. Cha babu yake, kwa maneno ya Hemedy mwenyewe.*

"Aliitwa nani, mzee wangu?"

"Mtoro," alisema Mzee Hemedy, akangoja mpaka kalamu ikanyamaza.