Bhoke na Orodha ya Marehemu Wesley

Kabla ya kuwa fundi, Bhoke alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Migori. Mwaka wa tisini na tano wafanyakazi wakapunguzwa, naye akawa mmoja wao. Kwa kuwa ndiye aliyezoea kuifungua kompyuta ya ofisi kila ilipogoma, alikodi meza dukani kwa Osman, muuza redio, akaanza kutengeneza mashine za watu. Wengi, wakiona ni mwanamke, walimpita wakiuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Agosti ya tisini na nane aliitwa Homa Bay na Risper, mjane wa nesi aliyeitwa Wesley. Wesley alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Kila mzazi alipofia wodini, aliandika majina ya watoto waliobaki, nani aliwachukua na wakapelekwa wapi, maana miaka ile ya ukimwi boma moja liliweza kuzika watu wanne, watoto wakatawanyika Sindo, Remba na kwingineko. "Iko siku mtu atawatafuta," alimwambia mkewe. Majina yalifika mia tatu, yote kwenye kompyuta kuukuu aliyoachiwa na shirika lililofunga ofisi. Machi akafa yeye mwenyewe.

Sasa mtu alikuwa amekuja kutafuta. Nyanya Milka alikuwa ameketi sebuleni kwa Risper tangu asubuhi. Binti yake aliacha mapacha, Apiyo na Adongo. Apiyo alikuwa naye. Adongo alichukuliwa siku ya mazishi, katika vurugu ya watu, na upande wa baba yake. Nyumba yao nayo ilikuwa imebaki tupu, hakuna wa kuulizwa.

"Inawaka vizuri," Risper alieleza, "halafu inazima na kujiwasha tena yenyewe. Shemeji anasema ni Wesley hataki iguswe."

Bhoke alichomeka taa kwenye soketi ileile. Mwanga haukuyumba, kwa hiyo stima haikuwa na kosa. Akachomoa kadi ya memori, akasugua meno ya kadi hiyo kwa raba ya penseli, akairudisha. Mashine ikazima tena. Basi akaketi na saa yake mkononi. Mara ya kwanza ilidumu dakika tisa. Mara ya pili nne. Mara ya tatu mbili. Akaiacha ipoe saa nzima, ikarudia tisa.

"Ni joto," alisema.

Alipofungua kifuniko alikuta feni ndogo iliyo juu ya chipu kubwa imesimama. Visubi wa ziwani, wale wanaoingia kama moshi dirishani, walikuwa wamejaa humo wakakauka pamoja na vumbi. Aliwakwangua kwa bisibisi, lakini feni ilikuwa imekwama kabisa, na ya kubadilisha haikuwapo mjini. Hata chipu yenyewe ilikuwa imebabuka pembeni, na diski ya ndani, inayoshika majina, ilikwaruza kama inayovunjika.

"Naweza kuielekezea feni ya mezani, ninakili yote kwenye disketi," akamwambia Risper. "Lakini sijui itawaka mara ngapi tena."

Nyanya Milka akainuka. "Nyara," alisema, kwa Kijaluo kama anayemwita binti yake, "nitafutie Adongo kwanza."

"Mama, faili ni mamia, na kuzifungua moja moja kutakula dakika zote. Ikifia hapo, wale wengine wote wamepotea. Nikinakili, atakuwa ndani yao."

"Wale wengine si wangu. Huyo mmoja ni wangu."

Bhoke alimtazama Risper. Risper alimsogezea feni ya mezani. Ilimbidi Bhoke aamue mwenyewe. Akatia disketi ya kwanza. Mama mzee akarudi kuketi, akajifunika uso kwa leso.

Disketi tatu zilijaa. Katika ya nne skrini ikawa nyeusi. Walingoja saa nzima, kisha mbili. Mashine haikuwaka tena, wala haikuwaka siku nyingine yoyote.

"Kama hayumo?" Nyanya Milka aliuliza.

"Kama hayumo, mimi ndiye niliyekukosesha," Bhoke alisema.

Kesho yake Bhoke na Nyanya Milka walikwenda pamoja Migori. Kwenye kompyuta ya dukani Bhoke alisoma jina baada ya jina. Faili arobaini hivi zilikuwa zimeharibika. Katika disketi ya pili, karibu na mwisho, palikuwa na maneno haya: *Adongo, pacha, miaka sita. Amechukuliwa na shangazi, Macalder, karibu na mashimo ya dhahabu. Analia usiku, anamtaka mwenzake.*

Bhoke alifunga meza yake wakaenda. Walimkuta Adongo ameinamia karai, akichekecha udongo wa dhahabu na wanawake wakubwa, magoti yamemchubuka. Shangazi hakubisha walipomtaka mtoto. "Sikuwa na la kumlisha," alisema. Adongo hakumtambua nyanya yake. Alisimama mbali, ameshika karai lake, mpaka mzee alipotamka jina la Apiyo, ndipo akauliza yuko wapi, akakubali kwenda nao.

Nakala za orodha zilipelekwa kwa Risper, kurasa thelathini na moja. Zile faili arobaini zilimkaa Bhoke rohoni. Kwa miezi mingi alizijaribu tena na tena jioni akifunga duka, akapata sita. Majina yaliyobaki Risper aliyatafuta kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akiyaandika kwa kalamu.