Nyayo za Walio Njiani

Mama mkwe wangu ni mtu wa ufagio. Jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, yeye tayari ameinama uwanjani, mkono mmoja mgongoni, anafagia kuanzia mlango wake, anapita mlango wetu, anatoka getini, na barabara ya watu nayo anaimega kipande. Mtaa wetu wote wa Itetemia unamjua kwa hilo. Mistari ya ufagio wake hulala upande mmoja mchangani, na ole wako uikanyage kabla hajanyoosha mgongo. Tunaishi kiwanja kimoja, nyumba yake nyuma, yetu mbele, na kwa miaka minane ya ndoa yangu ufagio ule ndio ulioniamsha.

Kwa hiyo tuliporudi kutoka India, nikafungua mlango asubuhi na kukuta uwanja wote umefagiwa isipokuwa njia ya kutoka kizingitini kwangu hadi getini, nilijua kuna neno. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ikapita, majani ya mwarobaini yakaanza kulundikana. Makaratasi aliyaokota kwa mkono, lakini ufagio ukifika pale ulikata kona.

Mimi ni mtoto wa Tabora mjini, binti wa fundi seremala, na kwetu nyumba isiyofagiwa ni nyumba yenye msiba. Yeye ametoka Nzega, kwa wafugaji, na Kinyamwezi changu ni cha kuombea maji. Sikumuuliza. Nilijijibu mwenyewe: huyu mama ananiwekea matanga nikiwa hai. Analilia ukoo wa mwanawe mlangoni kwangu.

Nilikuwa na sababu ya kuwaza hivyo. Miaka minane sikuwa nimezaa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na kila Januari nilizungusha futi yangu kwenye vifua vya watoto wa wenzangu, nikiwaambia mama zao wanakua vizuri. Shangazi za mume wangu walishaanza kumtajia mabinti wa Urambo. Mama mkwe hakuwahi kusema kitu, na wenyewe tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikaa nikisubiri mshindo.

India tulikwenda kwa siri. Mtaani tulisema mume wangu anaumwa mgongo, yeye ambaye anafanya kazi ya reli na hubeba mataruma ya chuma bila kuguna. Tuliporudi ilibidi atembee ameinama wiki nzima, kila akisalimiwa anashika kiuno. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka.

Lakini sikuwa nao. Nilichoma sindano za tumbo mpaka nikakosa pa kuchoma. Mayai yangu yakatolewa, yakaunganishwa na mbegu za mume wangu, na siku ya tano daktari, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, akatuambia tumepata viinitete viwili vizuri sana. Kisha akaniminya tumbo akatikisa kichwa. Dawa zilikuwa zimenivimbisha. Akiviweka sasa, alisema, ataniumiza mimi na huenda akavipoteza vyenyewe. Tuvigandishe, turudi nyumbani, mwili upumzike, tuje tena baada ya miezi kadhaa.

Mume wangu akasema sawa. Mimi nililia kwenye ndege mpaka abiria wa kiti cha pili akaniletea maji. Nilikwenda na tumbo tupu, ninarudi na tumbo tupu, na wanangu nimewaacha kwa watu, kwenye baridi, nchi ambayo hata jina langu hawalitamki sawasawa. Cheti chao nilikifunga ndani ya kanga, nikakilaza chini kabisa ya sanduku. Tukaapa, mimi na mume wangu, kwamba hatutamwambia mtu.

Ndipo nikakuta mlango wangu haufagiwi.

Nilivumilia miezi minne, na kwangu hiyo ni rekodi. Mwezi wa nne zikaja habari kwamba shangazi wawili wanatoka Nzega kututembelea. Nikasema hapana, hawatanikuta na lundo la majani kizingitini. Nikachukua ufagio, nikainama. Sikuwa nimevuta hata mara mbili nikasikia miguu inakimbia nyuma yangu, miguu ya mtu mwenye magoti mabovu.

"Weka chini!"

"Mama, wageni wanakuja. Watasema nini?"

"Waseme watakavyo. Weka ufagio chini!"

Akaushika upande wa njiti, mimi nimeshika upande wa mpini. Wanawake wawili wazima tukavutana ufagio mbele ya barabara, na muuza mkaa aliyekuwa anapita akashuka kwenye baiskeli ili aone vizuri.

Hasira zangu hazina breki. "Mama, kama hunitaki niambie kwa mdomo. Usiniwekee matanga mlangoni. Sijafa, na mwanao hajafa!"

Akauachia. Alinitazama kama niliyempiga kofi.

"Matanga? Nani kafa? Watoto wako njiani, wewe unataka kufuta nyayo!"

"Watoto gani?"

Akamwangalia muuza mkaa mpaka akapanda baiskeli yake. Kisha akashusha sauti. "Wale mliowaacha kwa Wahindi. Kwenye friji."

Nikakaa pale pale mchangani. Akakaa na yeye, taratibu, huku akishika goti, na ndipo akanieleza. Kwao, tangu enzi za wanaume kutembea mpaka pwani na mizigo kichwani, mtu akienda safari nyayo zake za mlangoni hazifagiwi mpaka arudi. Babu yake alikwenda pwani na pembe begani, na bibi yake hakupitisha ufagio kizingitini kwa masika mawili. Babu alirudi. Sikuthubutu kuuliza habari za waliofagia.

"Hawa walitoka hapa wakiwa ndani yenu," akasema. "Mliondoka nao, mkarudi wawili tu. Nyayo zao ni hizo zenu. Nikizifagia, watafuata nini?"

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Mwenzio aliniapisha nisikuonyeshe kwamba najua. Na mtu aliye njiani hatajwitajwi."

Kumbe mume wangu alivunja kiapo usiku ule ule wa kurudi. Mwanamume na mama yake! Nilipaswa kukasirika, nikajaribu, ikashindikana. Miezi minne nilikuwa nalala na kinyongo dhidi ya mtu ambaye kila alfajiri, na magoti yale, alikuwa anaupindisha ufagio wake ili wanangu wasipotee. Nililia kwa aibu, kisha nikalia kwa furaha, na yeye akaniacha nilie.

Nilipotulia akanisogelea. "Kuna jambo linaninyima usingizi. Huko kwa Wahindi umeme hukatika?"

"Mama?"

"Hapa umeme ukikatika siku moja tu, nyama yangu ya sikukuu naitupa. Hao wana miezi minne. Kila giza likiingia hapa, mimi nawaza wao."

Nikamweleza kwamba si friji, na wala haitumii umeme. Ni mtungi mkubwa wenye kimiminika cha baridi kali kuliko barafu, na wahudumu hukiongeza kila kinapopungua.

Akanikazia macho. "Ukifunguliwa unatoa moshi mweupe?"

"Ndiyo."

Akapiga makofi. "Si mtungi wa bwana mifugo huo! Ungesema mapema! Ng'ombe wangu wa maziwa, yule mwekundu wa Nzega, baba yake hatumjui mpaka leo. Alikuja akiwa mbegu tu kwenye mtungi wa moshi, juu ya pikipiki, barabara ya mashimo, na bado akazaliwa ndama wa kupigiwa mfano. Nimekonda bure!"

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Shangazi walipofika walikuta mlango haujafagiwa, na mama mkwe akawapitisha kwa mlango wa uani, bila maelezo. Tangu siku hiyo mimi mwenyewe nikawa mlinzi wa majani yale. Nilimfukuza kuku kama mwizi.

Miezi minne mingine ikapita, tukarudi India. Mgongo wa mume wangu ulikuwa umeumwa tena, masikini. Daktari wetu wa miwani ya kamba hakutuficha: si kila kiinitete huamka kikiyeyushwa. Alishauri aanze na kimoja. Nilikaa kwenye benchi la korido, nikiwa nimevaa gauni lao la kufungwa mgongoni, na sikuomba dua ndefu. Nilisema tu: mwanangu, mlango uko wazi, nyayo zipo.

Daktari akatoka anatabasamu. "Ameamka," akasema.

Wakanionyesha kwenye skrini nukta moja nyeupe ikiwekwa mahali pake. Nilikaa wiki mbili katika chumba cha kupanga, natembea kama niliyebeba mtungi wa maji kichwani, mpaka siku ya kipimo cha damu. Nesi aliposoma jibu nilimkumbatia nikamwangushia faili. Korido ile ya hospitali nilipita kama bibi harusi, na waliokuwa wanasubiri zamu zao wakanipigia makofi, watu nisiowajua lugha wala dini.

Nikapiga simu Tabora.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Sema upesi."

"Imeshika."

Vigelegele alivyopiga vilifanya simu ikwaruze. Kisha akakohoa, akarudi kwenye sauti yake ya kawaida. "Haya. Mwambie aje kwa nafasi yake. Sijafagia."

Tulirudi, na bado hakufagia, kwa sababu kwa hesabu yake mtu aliye tumboni hajafika. Tumbo likakua, nikawa nashona nimekaa mbali na cherehani yangu. Shangazi waliotaja mabinti wa Urambo walileta maziwa ya mgando na hawakutaja tena mtu. Walisema ng'ombe wa maskini naye huzaa. Nikawajibu kwamba huyu maskini wamwangalie vizuri.

Binti yetu alizaliwa kwa upasuaji, hospitali ya hapa hapa Tabora, akalia mpaka nesi akaziba masikio. Siku ya tatu tukaja naye nyumbani kwa bajaji. Mama mkwe alikuwa amesimama getini na ufagio mpya, amevaa kitenge cha harusi. Majirani walijaa. Hakumshika mtoto. Alinielekeza kwa kidole nipite juu ya majani yale, hatua kwa hatua, yakilia chini ya viatu vyangu, mpaka nikavuka kizingiti.

Ndipo akainama. Nilimwangalia dirishani, mtoto begani, akifagia zaidi ya mwaka mzima wa majani, anavuta na kuvuta, vumbi linapanda, watu wanapiga vigelegele. Akafika getini. Akanyoosha mgongo, akaegemeza ufagio ukutani.

Alikuwa amefagia nusu. Upande wa kulia mistari yake imelala safi mpaka barabarani, upande wa kushoto majani yako vile vile.

"Mama, mbona umeachia nusu?" jirani mmoja akauliza. "Umechoka?"

"Nichoke na nini?" akasema, kwa sauti ya mtaa mzima. "Huyu kafika. Mwenzie bado yuko njiani."

Siri yetu ya miaka miwili ikawa imetoka barabarani mchana kweupe. Nilisubiri aibu inipate, haikunipata. Mimi na mume wangu tulikuwa hatujasemezana hata neno kuhusu yule wa pili, tulikuwa tunaogopa kumjaribu Mungu. Nikacheka mpaka mshono ukauma. Kisha nikamnyanyua binti yangu dirishani, nikamwonyesha upande wa mdogo wake.