Mgeni Aliyevaa Kola ya Bosco

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya niliyaona mimi mwenyewe, saa tisa mchana, ndani ya nyumba ninayoikodi hapa Amalemba. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimelala, na pombe sijawahi kuionja.

Bosco ni mbwa wangu. Nilimchukua baada ya wezi kunivunjia mlango mara mbili, maana mimi ni mjane na binti yangu Brenda anasoma chuoni Sigalagala, harudi ila likizo. Shida ikawa moja: Bosco alikuwa anawakimbiza watoto wa wapangaji wenzangu hapa ploti. Mwenye nyumba akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Mama Brenda, mimi sina ubaya na wewe. Lakini kufikia Jumamosi hiyo mbwa ivae kola na ifuate mkono wako. Ikishindwa, itoke."

Itoke, nibaki na nani? Na wezi?

Nikanunua kola. Mwenye duka la dawa za mifugo akanielekeza nimzoeshe ndani kwanza, mahali hakuna kuku wala watoto. Nimvishe dakika mbili, nimpe kipande cha nyama, nimvue. Kesho yake dakika tano. Na vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Sasa kwetu mbwa kuingia nyumbani ni aibu, mama yangu akisikia hatakula kwangu tena. Na mimi mwenyewe ni mtu wa kinyaa, nywele ikionekana kwenye sabuni, naitupa sabuni nzima. Lakini ningefanyaje? Nikatandika gunia sebuleni, nikamwingiza.

Siku ya kwanza alijibingirisha akijikuna mpaka akakojoa. Siku ya pili akatapika kwenye zulia. Ijumaa nilikuwa nimepiga magoti nikisugua lile zulia, naye bado analia na kola yake, mvua yetu ya kila mchana ikaanza kupiga mabati. Mtu akabisha hodi.

Alikuwa mwanamume wa makamo, amefunga vifungo vya koti mpaka kidevuni, ameloa chapachapa. "Mama, nisaidie nijikinge kidogo."

"Ingia, baba," nikasema. Wewe ungemwacha nje? Alinuka vibaya, ila nilidhani ni Bosco.

Akamtazama Bosco akihangaika. "Anaogopa kwa sababu hajaona mtu akiivaa," akasema. "Hebu nipe."

Nikacheka. Haki ya Mungu, nikamvua Bosco ile kola, nikampa huyo mtu kwa mkono wangu huu.

Akageukia ukuta, akafungua koti, akajivisha. Aliikaza mpaka tundu la mwisho, hata ukucha usingepita. Kisha akashuka kwa miguu na mikono. Akayala matumbo niliyomchemshia Bosco, kwa mdomo, mikono iko sakafuni. Akalamba sahani. Halafu, nisamehe kama unakula, akahamia pale kwenye zulia nilipokuwa sijamaliza kusugua, akapalamba pia. Nilijiziba mdomo kwa leso. Bosco alikuwa amenyamaza, amekaa, anatazama.

Huyo mtu akainuka, akaivua kola ikiwa imeloa jasho lake, akamvisha mbwa wangu. Bosco hakutikisa hata sikio.

"Sasa amezoea," akasema. "Asante kwa chakula, mama."

Mvua haikuwa imekatika. Alipoinama mlangoni kuchukua viatu, koti likaachia shingo. Shingo nzima ilizungukwa na manyoya ya kahawia. Yalikuwa manyoya ya Bosco, rangi ile ile.

Nilijiambia ni giza la mvua. Na Jumamosi Bosco alinifuata ploti nzima bila kuvuta kamba, watoto wakipita karibu. Mwenye nyumba akapiga makofi. "Hii sasa ni mbwa! Ikae." Nilifurahi, sidanganyi.

Jumapili nikamvua Bosco kola niifue. Chini yake hapakuwa na manyoya. Palikuwa na ngozi ya mtu, yenye mikunjo, yenye vile vipele vya kunyolewa na wembe butu. Niliigusa kabla sijaelewa. Ilikuwa na jasho. Halafu akameza mate, na koromeo likapanda, likashuka, chini ya vidole vyangu. Nilitapika hapo hapo, kisha nikamrudishia kola.

Ni mwaka wa tatu huu. Kola sijamvua tena, ila ndevu zimeota zinatokeza pembeni. Brenda huniuliza mbona simshiki mbwa wangu mwenyewe. Nimwambie nini? Na nimpe nani huyu mbwa, ambaye hataifungua hiyo kola?

Kwa hiyo wewe unayemzoesha wako, mzoeshe polepole. Akilia, alie. Akikojoa, piga deki. Lakini mtu akikuambia aivae yeye kwanza, mfukuze, hata kama mvua inanyesha mawe. Mimi wezi hawanisumbui tena. Nalala mlango ukiwa na mlinzi, na kila alfajiri namsikia huko sebuleni akikohoa, akisafisha koo.